Wasafishwe, Watundikwe

Nchi yenyewe ipo. Sisemi ilikuwepo, nasema ipo, na mkitaka kuiona fungueni dirisha, ila mlifungue polepole, na mkiulizwa mlikuwa mnatazama nini, semeni mlikuwa mnatafuta hewa. Jina lake silitaji. Nina watoto, na watoto bado wanasoma.

Katika nchi hiyo hakuna mtu asiye na nyumba. Tatizo hilo lilikwisha kabisa siku Bunge lilipopitisha sheria ya kuwabadili jina, wakaanza kuitwa Wapangaji wa Anga. Mpangaji wa Anga halipi kodi, hagombani na mwenye nyumba, na mvua ikinyesha anapata maji bila kuhangaika na bomba. Waziri alipozisoma faida hizo bungeni, wabunge wengine walitamani wao wenyewe wawe wapangaji, lakini wakajizuia kwa uzalendo.

Siwema na mumewe Kondo walikuwa wapangaji wa namna hiyo. Nyumba yao ilivunjwa kupisha maegesho ya magari ya Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, wakahamia ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la magodoro. Walilala juu ya maboksi, na nyuma yao, ndani ya kioo, magodoro yamepangwa mpaka darini, mapya, yako kwenye nailoni zake. Kondo alikuwa mtu wa mzaha, goti moja bovu, na akicheka sana kwikwi inamshika. Siwema alikuwa mwoga. Simtukani. Alikuwa mwoga kwa sababu alikuwa na akili, na kwa sababu kitu pekee kilichombakia duniani kilikuwa ni huyo mzee wa kwikwi. Nyumba imekwenda, vyombo vimekwenda, na Kondo naye akichukuliwa, basi, hakuna tena Siwema.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, alikuja Konstebo Mbaruku kuwaondoa. Alikuwa kijana aliyelelewa. Kwanza alisalimia, "Shikamoo mama, shikamoo baba," akasubiri marahaba yake, ndipo akawafukuza.

Siku moja alikuja na uso uliokunjamana. "Mama, leo msiondoke. Leo mnapigwa."

Siwema alishamshika Kondo mkono na kuanza kumburura. Mguu niponye!

"Picha, mama! Mnapigwa picha!"

"Si ungeanza na hilo neno, mwanangu," Siwema alisema akihema. "Unataka uniue?"

Sasa niwaelezeni hizo picha zilitoka wapi. Lilikuwepo shirika moja la ng'ambo, Shirika la Huruma za Mbali, lililokuwa na fedha nyingi na machozi mengi, lakini halikuweza kutoa fedha mpaka machozi yatangulie. Wataalamu wetu wakafanya utafiti wakagundua jambo la kusikitisha: Mpangaji wa Anga, ukimwona hivihivi, hahuzunishi vya kutosha. Utamkuta anasuka nywele. Utamkuta anagombania chumvi. Utamkuta anacheka, tena kwa sauti. Ndipo ikaundwa Wizara ya Sura na Mandhari, chini ya Mheshimiwa Dakta Tegemeo Mapambo, na kazi yake ikawa kuwapiga picha wapangaji na kuzisafisha picha hizo kwa kompyuta mpaka zihuzunishe.

Mpiga picha wa serikali aliitwa Bwana Absalomu. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, na mifuko yote mitupu. Alimkalisha Siwema kwenye ndoo, akamnyunyizia maji usoni kwa kichupa, akarudi nyuma.

"Haya mama, huzunika."

Siwema akajaribu. Kondo alikuwa amesimama kando yake, mkono begani kwa mkewe, kwa sababu alimwona anatetemeka. Akamwinamia akamnong'oneza, "Kumbuka ile siku mbuzi alivyokula kilemba cha mjomba wako." Hapo kwikwi ikamshika Kondo, na Siwema, pamoja na woga wake wote, akaangua kicheko. Mashine ikalia *cha*.

"Amecheka," alisema Siwema kwa hofu, kama vile aliyecheka ni mtu mwingine. "Samahani, baba. Nimecheka."

"Usijali, tutarekebisha," alisema Bwana Absalomu. Alikuwa mtu mpole, anayependa kueleza kazi yake. "Utaratibu ni rahisi. Umeshapigwa. Sasa unakwenda kukatwa. Ukishakatwa unasafishwa. Ukishasafishwa unatundikwa."

Siwema alimkodolea macho.

"Ni lugha ya kazi tu, mama."

"Na huyu mume wangu?"

"Huyo tunamfuta. Anaharibu upweke. Na hii nyuma yako, hayo magodoro, tunaiondoa, tunaweka giza."

"Baba, mimi tangu hapo sina mbele wala nyuma."

"Mbele tunakuachia," alisema Bwana Absalomu kwa ukarimu, akafunga mkoba wake.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Wapangaji wenyewe nao walialikwa, lakini waliwekwa nyuma ya pazia, kwa sababu za kitaalamu: mgeni akimwona mtu na picha yake kwa pamoja anaweza kuchanganyikiwa akampa mkono yule asiye sahihi. Siwema alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Ukutani palikuwa na sura kubwa kuliko mlango, nyeusi tititi, makunyanzi yamechimbwa kama matuta ya viazi, macho yanameremeta, midomo imevutwa chini, na shavuni chozi moja la kuongezwa.

"Maskini," alisema Siwema. "Bibi wa watu. Amefiwa na nani?"

"Ni wewe huyo," alisema Kondo.

Alitazama tena. Ndiye yeye. Kile kicheko chake cha mbuzi na kilemba kilikuwa kimegeuzwa juu chini kama shati. Ila Wizara, pamoja na kompyuta zake, ilikuwa imesahau kitu kimoja. Kwenye bega la kushoto la yule bibi kilibaki kidole. Kidole kimoja cha Kondo, hakina mkono, hakina mwenyewe. Wageni walikuwa wamekusanyika mbele yake wanapeana tafsiri. Mmoja alisema ni kidole cha historia. Mwingine alisema hapana, ni jamii inayonyoosha kidole, na hapo hapo akatokwa na machozi, na karani wa Wizara akayakinga kwa kitambaa cha serikali ili yawe ushahidi.

"Wamenifuta wakanisahau kidole," Kondo alisema, tena kwa fahari. "Mwaka wa ngapi sijatundikwa mahali pazuri namna hii?"

"Nyamaza, Kondo. Watakuja kukimalizia."

Ndipo akaingia Mtukufu Mwangaza, Kiongozi Mkuu, watu wote wakasimama, hata waliokuwa wamesimama wakajitahidi kusimama zaidi. Mtukufu alizunguka taratibu, akatazama picha moja baada ya nyingine, akapanda jukwaani.

"Ndugu wageni," alisema, "nimezitazama picha hizi. Ni nzuri. Lakini bado hazijang'aa vya kutosha. Kwa hiyo naagiza, tena naagiza kuanzia leo: wasafishwe! Wakatwe pembeni, wasafishwe tena, kisha watundikwe juu kabisa, kila mgeni awaone!"

Umesikia, msomaji. Usijifanye hukusikia. Hata mtoto anayeanza kutamka angesikia. Zisafishwe, zikatwe, zitundikwe, ndivyo Mtukufu alivyokusudia, maana alikuwa akisema habari za picha. Ulimi uliteleza kidogo tu. Nani hatelezi? Tatizo ni kwamba katika nchi ile Katiba, ibara ya mwanzo kabisa, inasema Mtukufu hatelezi.

Mwalimu wa kwaya, mtu wa sarufi, alikohoa mara moja, na tangu siku hiyo kwaya inaimba bila mwalimu. Nyuma ya pazia Siwema aligeuka. Alitazama sura za wenzake, akaona wote wanasubiri mtu mkubwa aseme, "Mtukufu anamaanisha picha." Mheshimiwa Dakta Mapambo alifungua kinywa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakumbuka gari lake, akapiga makofi.

Wote wakapiga makofi. Na makofi yakishapigwa, agizo limekuwa sheria.

Karandinga zilianza kupita kesho yake. Zilipakwa rangi nyeupe na ubavuni pameandikwa USAFI NI HAKI YAKO. Zilichukua wapangaji kutoka sokoni, kutoka stendi, kutoka chini ya madaraja, zikawapeleka kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni nje ya mji. Kilichofanyika mle ndani hakuna aliyekijua, na waliokijua hawakusema. Lililojulikana ni kwamba upepo ukivuma kutoka upande ule mji mzima ulinukia vizuri.

Halafu nguo zikaanza kurudi.

Jirani yao, Bi Havijawa, aliyekuwa akilala mbele ya duka la viatu, alichukuliwa asubuhi, sufuria yake ya uji ikabaki juu ya mafiga inatokota. Siku iliyofuata Siwema alikuta mahali pake pamewekwa khanga, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Khanga za Bi Havijawa hazikuwahi kuona pasi tangu zitoke dukani. Juu yake palikuwa na ua la karatasi na kikadi: *Ahsante kwa ushirikiano wako.* Siwema alizigusa, bado zina joto. Akajitapikia pale pale.

Tangu siku hiyo hakulala. Kila mlio wa gari ulimrusha moyo. Akimwona mtu mwenye shati jeupe alijibanza ukutani. Kondo ndiye aliyemtia wasiwasi zaidi, maana goti lake halikuruhusu mbio, na mtu asiyeweza kukimbia katika nchi ile anakuwa ameshakamatwa nusu. Aliyewaokoa ni Konstebo Mbaruku. Hakuwaambia neno, kwa sababu maneno yalikuwa hatari, lakini kila karandinga ilipokuwa inakaribia, yeye alitangulia barabarani akipiga kelele kwa watu wasiokuwepo, "Shikamoo mama! Shikamoo baba!" Siwema akisikia hivyo tu, alimkokota mumewe hadi kwenye choo cha soko, wakajifungia wakiwa wameshikana mikono, yeye akiomba Mungu, Kondo akiibana kwikwi yake kwa viganja viwili.

Huenda mngedhani wageni walifurahi kuona mji safi. Thubutu! Shirika la Huruma za Mbali lilitaka maonyesho ya pili. Bwana Absalomu akazunguka mji mzima na mashine yake, akarudi na picha za nguzo. Nguzo hazina makunyanzi. Shirika likaandika kwamba bila nyuso hakuna machozi, na bila machozi wanajua wenyewe.

Serikali ikakwama. Agizo halifutiki, kwa kuwa Mtukufu hatelezi. Lakini likiendelea wapangaji watakwisha, na wapangaji ndio mtaji. Mheshimiwa Dakta Mapambo alifunga ofisi, akafikiri, akatoka uso unang'aa na sentensi ambayo sasa imechongwa kwenye jiwe mbele ya Wizara: "Mtukufu hakukosea. Iliyokosea ni ngeli."

Ikaundwa Tume ya Upatanisho.

Redio ilipotangaza jina hilo, mama ntilie wa sokoni alirusha kijiko juu. Watu walikumbatiana. Upatanisho, jamani! Kumbe serikali imeona, kumbe inataka kukaa na wananchi wake wapatane, Bi Havijawa na wenzake watarudi. Hata Siwema alikunywa chai yote siku ile bila kuibakiza. Kumbe masikini hawakujua kwamba ulikuwa ni upatanisho wa kisarufi.

Tume ilikaa kwenye hoteli ya ufukweni hadi wajumbe wakanenepa. Kisha Dakta Mapambo akasoma matokeo redioni, na Siwema alisikiliza akiwa ameegemea meza ya mama ntilie, Kondo amekaa kwenye ndoo miguuni pake.

"Ndugu wananchi, Mtukufu alisema *wasafishwe* kuhusu picha. Alikuwa sahihi, sisi ndio tulikuwa nyuma ya wakati. Kuanzia leo picha zote za Maonyesho ya Taifa zinahamishwa kutoka ngeli ya I-ZI na kuingia ngeli ya A-WA, pamoja na haki zote za watu. Hatusemi tena picha hii imetundikwa. Tunasema picha huyu ametundikwa. Na kwa kuwa ngeli ya watu ilikuwa imeshajaa, Wapangaji wa Anga wataipisha, watahamia I-ZI. Mpangaji hii, wapangaji hizi. Agizo la kusafishwa haliwahusu tena, samahani, halizihusu tena, maana Mtukufu hakusema zisafishwe. Lakini," na hapa sauti ya waziri ilishuka ikawa ya baba anayeonya, "mtu yeyote asiye na nyumba atakayekutwa amebaki katika ngeli ya A-WA, au atakayembakiza mwenziwe humo, huyo agizo linamhusu moja kwa moja, yeye na huyo mwenziwe."

Redio ikapiga wimbo. Hakuna aliyecheza.

"Siwema," alisema Kondo, "tumekuwa sufuria."

"Sufuria ni nzima," Siwema alimjibu. "Sufuria haichukuliwi na karandinga. Tutakuwa sufuria, Kondo. Unanisikia? Kuanzia sasa hivi."

Basi mambo yakaenda kwa kasi. Picha ya Siwema, kwa kuwa sasa alikuwa mtu, alipewa jina, Bibi Huzuni, na kitambulisho, na daktari wake wa vumbi. Na kwa kuwa haikuwa vyema mtu mwenye heshima zake alale ukumbini, Wizara ilimjengea nyumba pembeni mwa maegesho, palepale palipokuwa na nyumba ya Siwema, yenye feni na pazia la maua. Walimtundika sebuleni akitazama barabara. Kila Siwema alipoinua macho kutoka kwenye maboksi yake alijiona ng'ambo, dirishani, analia kwa ajili yake mwenyewe, kidole cha mumewe begani.

Na Konstebo Mbaruku aliacha kusalimia. Asubuhi ya kwanza ya sheria mpya alisimama mbele ya kibaraza, midomo inamchezacheza, wakaguzi wawili wa ngeli wakiwa nyuma yake na makaratasi. Kitu hakipewi shikamoo. Alitazama pembeni, akayasukuma maboksi kwa ncha ya buti.

"Hizi zisogee," alisema.

Siwema akasogea. Hakuwahi kusikia neno lililomtia baridi vile, lakini moyoni akasema, ahsante Mungu, tumesogezwa tu.

Ndipo akaanza kumfunza Kondo. Alimfunza asubuhi, alimfunza mchana juani, alimfunza wakiwa kwenye foleni ya maji.

"Kondo ipo?"

"Yupo."

Akamfinya paja.

"Aaa! Ipo, ipo!"

"Inafanya nini?"

"Inafinywa na mke wake."

"Mke *wake*? Kondo, utatuua!"

"Sasa niseme nini? Mke wa sufuria ni nani? Mfuniko?" Akacheka, kwikwi ikamshika, akacheka zaidi.

Siwema hakucheka. Kucheka kulikuwa kumemtoka tangu siku ya khanga. Alimshika mzee wake mashavu kwa mikono miwili, akamtazama karibu kabisa. "Naogopa, Kondo. Naogopa mpaka meno yananiuma. Utasema hii, imekaa, imelala, inaumwa. Ukisema huyu mara moja tu, tumekwisha. Nifanyie hivyo. Sijawahi kukuomba kitu."

Kondo akaacha mzaha. "Nitasema," alisema.

Lakini kila mara alikosea. Akijisemea yeye mwenyewe aliweza: ipo, imekaa, goti lake bovu. Akifika kwa Siwema ulimi ulikataa. "Hii ni Siwema, ame..." Mfinyo. "Hii ni Siwema, ana..." Mfinyo. Mapaja ya mzee yalijaa alama. Siwema alijua, kama anavyojua njaa, kwamba siku ya ukaguzi mumewe atamwita huyu, na nguo zao zitarudi zimepigwa pasi.

Siku yenyewe ilikuja jua likiwa limeshapanda, duka la magodoro likiwa wazi, wateja ndani wakibonyeza magodoro kwa vidole. Karandinga nyeupe ilisimama mbele ya kibaraza, mlango wa nyuma wazi. Akashuka Mkaguzi wa Ngeli, Bwana Salvatori, mtu msafi, mwenye miwani na harufu ya sabuni. Konstebo Mbaruku alikuja nyuma yake, kichwa chini. Safari hii hakupewa nafasi ya kutangulia.

Siwema alijikunja kando ya mumewe.

"Msiogope," alisema Bwana Salvatori kwa upole. "Yaani, zisiogope. Ni maswali mepesi." Akamgeukia Kondo. "Kondo?"

"Ipo," alisema Kondo.

"Inaendeleaje?"

"Imeamka salama. Goti yake inaiuma kidogo."

Hata *goti yake* aliiweka. Bwana Salvatori alitikisa kichwa akapendezwa, maana wapangaji wenye bidii walikuwa wachache. "Vizuri sana. Na hii iliyoko kando yako?"

Siwema alifumba macho. Ndani ya duka mteja aliuliza kama godoro lina udhamini.

"Hii ni Siwema," alisema Kondo. Sauti yake ilikuwa tambarare, haina mzaha, haina kwikwi. "Ipo hapa siku zote. Imechakaa, lakini bado inafaa."

Hakukosea. Yule mzee wa kukosea hakukosea hata herufi. Bwana Salvatori alisema, "Safi!" na Konstebo Mbaruku akashusha pumzi iliyosikika mpaka barabarani.

Siwema alifumbua macho. Kondo alikuwa anatazama mbele, chozi linamtelemka, la kwake mwenyewe, si la kuongezwa. Alikuwa amefanya alichoombwa. *Imechakaa, lakini bado inafaa.* Siwema aliyasikia maneno hayo yakimwingia yakikaa, akajua kwamba watalala leo, wataamka kesho, na kila siku atamsikia mumewe anamsema hivyo ili aishi, na siku moja mume atazoea, naye atazoea. Ng'ambo ya barabara feni ya Bibi Huzuni ilikuwa inazunguka.

"Tunamalizia," alisema Bwana Salvatori akimgeukia. Alimwelekezea Kondo ncha ya kalamu. "Na hii ni nini?"

Jibu alilijua. Yeye ndiye aliyelifunza. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maisha yake yote, mkojo umemponyoka kidogo, na alitaka kuishi, jamani, alitaka sana kuishi. Alifungua kinywa aseme hii.

"Huyu," alisema.

Kalamu ilisimama hewani.

"Sema tena, polepole," alisema Bwana Salvatori, na kwa kweli alikuwa mtu mwema, alitaka kumpa nafasi. "Hii..."

"Huyu ni Kondo," alisema Siwema. Meno yalikuwa yanagongana, ikabidi asubiri yatulie ndipo amalizie. "Ni mume wangu. Anaumwa goti. Akicheka anapata kwikwi."

Bwana Salvatori alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika kidogo, akaenda kukaa mbele kwa dereva.

"Siwema," alisema Kondo taratibu, "umesema huyu."

"Nimesema. Nisamehe, Kondo. Naogopa."

"Hata mimi," alisema Kondo. Akanyanyuka kwa goti lake bovu, akamwekea mkewe mkono begani, mkono mzima, akajikongoja naye hadi kwenye mlango wa karandinga.

Konstebo Mbaruku ndiye aliyeushikilia mlango. Kwa kuwa sasa walikuwa watu, na jambo hilo limeandikwa, sheria haikumzuia tena.

"Shikamoo, mama," alisema akilia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema Siwema, akapanda.